Majina Katika Vikombe vya Fedha

Jamaa zangu, mwaka jana mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, vikombe vya ulevi vya Wafaransa unavitakia nini?" Nilicheka, lakini swali lake lilistahili jawabu, na jawabu nimeona niliweke katika kitabu chetu hiki.

Kwanza, si vya ulevi. Ninavyovitafuta ni vile vidogo visivyo na mkono, ambavyo Wafaransa huviita timbali. Desturi yao ya tangu zamani ni kumpa mtoto kikombe hicho anapobatizwa, na jina lake huchongwa ubavuni. Vingi vimebonyea kwa kuangushwa, na kimoja nilikikuta na alama za meno ukingoni.

Nilianza hivi. Jumamosi moja, katika soko la Portobello Road, London, nilimwona muuzaji mmoja akipima vikombe pamoja na vijiko vilivyovunjika. Aliniambia vinakwenda kuyeyushwa. Kimoja kiliandikwa "Marie". Papo hapo nikamkumbuka mama yangu. Mwaka 1972, kule Unguja, alimpelekea sonara mrashi wake wa fedha, aliopewa na bibi siku ya harusi yake, ili kaka yangu apate nauli ya kwenda Dubai. Sonara aliupima kwa tola, akalipa uzito wake, basi. Nikakinunua kile kikombe cha Marie.

Baadaye nilijifunza kuvisoma. Tangu mwaka 1838, fedha ya Ufaransa hupigwa muhuri wa kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, amevaa kofia ya vita. Katika vyombo vya zamani, ukiona tarakimu 1 mbele ya uso wake, fedha safi ni sehemu 950 katika 1,000. Ikiwa 2, ni sehemu 800. Fundi naye hupiga herufi zake ndani ya umbo la kishada. Muhuri wa mraba hutambulisha chombo kilichopakwa fedha juu tu. Vilivyo vikongwe zaidi ni adimu, kwani Mfalme Louis wa 14 aliamuru vyombo vya fedha viyeyushwe mwaka 1689, na tena mwaka 1709, apate gharama za vita. Hata mwaka 1980, bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani, vyombo vingi vya kale viliishia motoni.

Wengine hufuta jina ili kikombe kiuzike upya. Hapo pitisha kidole gumba: mahali palipokwanguliwa ni pembamba. Kisha hohea pumzi ya mdomo. Mara nyingine herufi hujitokeza katika ukungu, zikatoweka tena.

Mke wangu alinikabili: "Mwalimu, si wewe unayewasomesha watoto kwamba vyombo vya fedha havinywewi?" Alisema kweli. Mtume (S.A.W.) amekataza, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi hukataza hata kuviweka kuwa pambo. Nililiwaza jambo hili siku nyingi. Mwishowe nikakata shauri: kila kikombe ninakinakili jina, mihuri na kimo katika daftari, kisha ninamwachia mtu wa kwao atakayekitunza, kwa bei ile ile niliyonunulia. Vimepita mikononi mwangu vikombe 14. Nyumbani hakuna hata kimoja, daftari lipo.

Mjukuu wangu amelisoma lote, akauliza tena, "Na mrashi wa bibi mkubwa uko ukurasa gani?" Sikuwa na la kumjibu. Nakumbuka shingo yake ndefu na harufu ya marashi, lakini nakshi zake zimenitoka, na picha hatuna.

Basi ninawaomba, jamaa: chombo mlichobaki nacho, kiwe mrashi, chetezo au sinia ya shaba, andikeni kilikuwa cha nani na kilifikaje kwenu, maadamu wazee wetu wapo wa kuulizwa. Mwakani, inshallah, tuyasome katika kurasa hizi.