Je, Wajua? Si kila mtoto wa mbwa hutanguliza kichwa

Mtoto wa mbwa akitanguliza miguu ya nyuma, wenye mbwa wengi hushikwa na kiwewe. Hakuna haja: karibu 4 kati ya 10 huzaliwa hivyo, na wengi wao hutoka salama.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kipimajoto husaidia kujua siku yenyewe. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi; likishuka hadi karibu 37, mara nyingi uchungu huanza ndani ya saa 24. Mama hukataa chakula, huhema na kuparuaparua matandiko.

Hapo kazi kubwa ya binadamu ni kukaa kando. Mama huchana utando kwa meno, hukata kitovu na kumlamba mtoto mpaka alie. Akizubaa, ndipo mtu apasue utando upesi, afute pua na mdomo, kisha amsugue mtoto kwa taulo kavu. Ule mtindo wa zamani wa kumpunga hewani kichwa chini unaweza kumuumiza ubongo.

Daktari wa mifugo apigiwe simu mama akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, zikipita saa 2 tangu mtoto mmoja atoke na bado wengine wamo tumboni, au ukitoka ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza. Baadaye rangi hiyo ni ya kawaida. Hutoka kwenye kondo la nyuma.

Na rekodi ya watoto wengi kwa uzao mmoja? Tia, mbwa wa aina ya Neapolitan Mastiff huko Uingereza, alipata watoto 24 mnamo Novemba 2004. Kwa upasuaji, bila shaka.