Kihamba Hakionekani Katika Hesabu ya Mwezi

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini yake. Kipimo hicho si cha ovyo: hata ndizi zinazotoka shambani na kuliwa nyumbani hutiwa thamani. Lakini kinahesabu kilicholiwa, si kinacholisha. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kilichogawanywa kwa wana wa vizazi vitatu, mibuni iliyozeeka, kijana asiye na pa kujenga: hayo hayamo katika matumizi ya mwezi, ingawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro ndiyo yanayomsukuma mtu kushuka Moshi mjini kutafuta kibarua.

Kwa hiyo watafiti wengine hujumlisha mapungufu ya afya, elimu na makazi, kama walivyopendekeza wanauchumi Alkire na Foster, au huwaomba wanakijiji wenyewe wazipange kaya kwa kiwango cha umaskini. Watapendelea ndugu zao? Huenda, ndiyo maana TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huhakiki kwa dodoso majina yaliyotajwa kijijini. Ila dodoso nalo hudanganyika: nyumba ya saruji iliyojengwa enzi za kahawa yenye bei humfanya bibi kizee anayelishwa na majirani aonekane mwenye nacho, na jirani hahitaji fomu kulijua hilo.