Fahamu: Kwa nini asiye na bomba hulipa zaidi kwa maji Dar es Salaam?

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa kuzalisha takribani lita milioni 466 kwa siku, ilikosa maji ya kutosha. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro linajengwa ili kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi.

Lakini bwawa peke yake halimalizi suala la bei. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoza maji kwa yuniti, yaani lita 1,000, na bei huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Yuniti moja hujaza ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa Sh100 tu, asiye na bomba amelipa Sh5,000 kwa maji hayohayo, zaidi ya bei ya DAWASA, na bado atayabeba kichwani. Hapa ndipo panaponiuma: bei nafuu humnufaisha aliyekwisha kuunganishwa, huku gharama ya kuvuta bomba ikimzuia maskini mlangoni.

Kuna pia maji yanayovuja au kuibwa njiani. Yameshasafishwa, yameshasukumwa kwa umeme, ila hayaleti hata senti.

Upungufu pia huweza kuanzia huko juu kwenye Mto Ruvu, ambako vibali vya kuchota maji hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Anayechepusha mto bila kibali humnyima aliye chini.

Ili asiye na bomba naye afikie bei nafuu, mamlaka ziwaruhusu wateja wapya walipe gharama za kuunganishiwa kidogokidogo. Nawe ukiona bomba limepasuka mtaani, toa taarifa siku hiyohiyo.