Nyanya Alizaliwa Wapi?

Jumapili moja asubuhi, kando ya uwanja wa raga kusini mwa London, mama mmoja Mkenya alinivuta pembeni kabla sijamaliza chai yangu. Mwanawe wa miaka 16 alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya vijana wa England, na nyumbani hakulaliki. "Baba yake amekataa katakata," akaniambia. "Anasema akivaa ile jezi nyeupe hata mara moja, Kenya basi tena."

Baba huyo amekosea, ila hakulitoa jambo hilo hewani. Zamani kila nchi iliruhusiwa kuteua timu moja, hata ya vijana, kuwa ya pili baada ya ile ya wakubwa, na aliyeichezea alihesabiwa amefungwa na nchi hiyo. Wales iliteua timu yake ya chini ya miaka 20. Mwaka 2011 kijana aitwaye Steven Shingler aliichezea timu hiyo dhidi ya Ufaransa. Januari 2012 Scotland, nchi ya asili ya mama yake, ikamwita kwenye kikosi chake cha wakubwa. Shirikisho la dunia likaamua kwamba mechi ile ya vijana ilikwisha kumfunga: yeye ni wa Wales. Hadithi kama hizo zilisambaa, na bado zinasambaa katika makundi yetu ya WhatsApp kana kwamba ni za juzi.

Sheria imebadilika. Tangu 1 Januari 2018 hakuna nchi inayoruhusiwa kuteua timu ya chini ya miaka 20 kwa kazi hiyo. Kijana anaweza kuchezea England chini ya miaka 18, akapanda ya chini ya miaka 20, kisha akiwa mtu mzima akavaa jezi ya Simba, timu ya taifa ya Kenya ya wakubwa, bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi ana haki ya kuichezea Kenya. Kinachomfunga ni timu ya taifa ya wakubwa, au ile ya pili iliyoteuliwa rasmi.

Na raga ya wachezaji saba je? Hapa ndipo pa kukaa macho, maana sisi tunaipenda saba kuliko wenyewe. Nani amesahau Singapore, Aprili 2016, Kenya ilipoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali? Kijana aliyetimiza miaka 20 akiingia uwanjani na Shujaa, timu ya Kenya ya saba, kwenye mashindano ya wakubwa, hata kwa dakika mbili za mwisho, amefungwa na Kenya katika saba na katika kumi na tano pia. Kwenye Olimpiki na Kombe la Dunia la saba umri huo unashuka: ametimiza utu uzima kisheria, amefungwa. Kwa hiyo anayepaswa kutafakari usiku kucha si mzazi wa mtoto wa miaka 16 aliyeitwa majaribioni. Ni yule wa kijana wa miaka 20 aliyepigiwa simu ya ghafla kwamba mtu ameumia na nafasi ipo.

Tangu Januari 2022 kuna mlango wa nyuma. Mchezaji aliyekwisha kufungwa anaweza kuhama mara moja tu, baada ya kukaa miaka 3 bila mechi ya kimataifa, na ni lazima ahamie nchi aliyozaliwa yeye, mzazi wake, au babu au nyanya yake. Miaka 3 ni mirefu kwa mtu ambaye magoti yake yatamstaafisha akiwa na miaka 32.

Sasa, haki yenyewe hupatikanaje? Kanuni ya 8 ya World Rugby, shirikisho la dunia, haina maneno mengi. Uwe umezaliwa katika nchi hiyo; au mzazi wako mmoja, au mmoja wa babu na nyanya zako, awe amezaliwa huko; au uwe umesajiliwa na chama cha raga cha huko peke yake kwa miezi 60 mfululizo, au umeishi huko miaka 10 kwa jumla. (Kwa wasomaji wetu wa Tanzania: nyanya hapa ni bibi, si kiungo cha mchuzi.)

Kanuni haiulizi kabila lako, lugha unayoota nayo, wala mahali mlipozika wazee. Inauliza mahali mtu alipozaliwa. Simon Shaw alizaliwa Nairobi mwaka 1973, akaichezea England mechi 71; kwa kigezo cha kuzaliwa peke yake, angeweza kuichezea Kenya. Kwa upande mwingine, kuna familia ya Busia inayojijua ni ya Kenya tangu enzi, lakini nyanya alizaliwa kwao upande wa pili wa mpaka. Kwa macho ya kanuni, nyanya huyo anamfungulia mjukuu mlango wa Uganda. Mlango wa Kenya itabidi ufunguliwe na mwingine.

Kanuni haiulizi pasipoti pia. Hilo linawahusu sana Watanzania, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana wa Leicester mwenye pasipoti ya Uingereza na babu mzaliwa wa Tanga anaweza kuichezea Tanzania raga bila kuirudisha pasipoti hiyo. Olimpiki ndiyo tofauti: huko bila uraia hakuna safari. Kwa Wakenya si kikwazo kikubwa, kwani Katiba ya 2010 inamtambua mtoto wa raia kuwa raia wa kuzaliwa, hata akizaliwa ng'ambo.

Kinachotukwamisha ni karatasi. Wazee wengi wa rika la 1940 hawakusajiliwa walipozaliwa. Nilipoanza kutafuta ushahidi wa mama yangu mzazi kwa ajili ya mwanangu, nilichopata ni kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia, wino umefifia, jina la kijiji limeandikwa kwa herufi za mmisionari asiyejua kutofautisha l na r. Kadi kama hiyo ni mwanzo mzuri wa kuomba usajili uliochelewa, lakini ofisi zina foleni zake, na mashahidi wanaomkumbuka mzee akizaliwa wanazidi kupungua.

Turudi kwa watoto wenyewe. Huku England safari huanzia klabu ya mtaani. Wa chini ya miaka 7 na 8 hucheza kwa kuvuta utepe kiunoni. Kuangushana huanza chini ya 9, na timu za watu 15 chini ya 14. Kila mtoto aliyeitwa siku ya mechi ana haki ya kucheza angalau nusu ya mchezo, kwa hiyo wako akishinda benchi kila Jumapili, uliza. Wanaoonekana huingizwa kwenye mpango wa kukuza wachezaji unaosimamiwa na akademia za klabu kubwa, kisha wachache sana huingia akademia zenyewe.

Mwaka wa umri huanza 1 Septemba. Mtoto wa Agosti hukabana na wenzake waliomtangulia karibu mwaka mzima, na kwenye miaka 13 tofauti hiyo ni kilo kadhaa na ndevu. Nimeona wengi wakiachwa katika umri huo, nao wazazi wakahitimisha kwamba mtoto hana kipaji. Kwa kweli mtoto alikuwa na miezi michache tu pungufu.

Nyumbani Kenya njia ni nyingine: shule za sekondari, kisha Chipu, timu ya chini ya miaka 20. Chipu ndiyo ilichukua Kombe la Barthés, la vijana wa Afrika, Nairobi mwaka 2019 kwa kuishinda Namibia 21-18. Hapo hesabu hufuata kalenda: kwa mashindano ya 2026, mchezaji awe amezaliwa 2006 au baadaye. Makocha wa Nairobi hawawezi kumwona mtoto anayecheza Reading. Ni juu yetu kuwatumia mechi nzima kwa video, si vipande vya trai tu, pamoja na vyeti vikiwa tayari.

Zimbabwe imekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Julai 2025, jijini Kampala, iliifunga Namibia 30-28 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991, kwa kikosi kilichochanganya waliobaki nyumbani na wanaocheza ng'ambo.

Yule mama wa Jumapili nilimwambia amruhusu mwanawe aende majaribioni. Nawe msomaji, ukimpigia simu nyanya wiki hii, muulize alizaliwa kijiji gani na upande gani wa mpaka. Kisha mwombe aliye naye nyumbani akupigie picha ya kadi yake ya ubatizo, mbele na nyuma.