Tarakilishi Kuukuu Zingali na Somo

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wahenga wangaliiona tarakilishi, huenda wangaliitazama upya methali hiyo.

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya upili mjini Lodwar, tulipewa msaada wa tarakilishi kumi na mbili zilizokwisha kutumika kwingine. Windows iliyokuwamo ilikuwa imelemewa na virusi. Mwalimu mwenzangu wa Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka kwetu, akaniletea sahani ya Ubuntu. Kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikisambaza sahani hizo kwa posta bila malipo, hadi ilipokoma mwaka 2011. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Tulikesha usiku kucha, jenereta ikinguruma, na kulipopambazuka mashine tisa zilikuwa zimefufuka.

Katika somo la kwanza msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza, "Mwalimu, hii iliandikwa na nani?" Nikamweleza kwamba mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma kufunguliwa, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuunda Linux, ambayo ndiyo kiini cha mfumo huo endeshi, kwa kujifurahisha tu. "Kumbe mwanafunzi!" akasema.

Mwaka uliofuata niliiondoa Ubuntu kwa mikono yangu mwenyewe. Wazazi waliuliza kwa nini watoto wao wanafundishwa kitu kisichotumika katika ofisi yoyote ya mjini. Sikuwa na jibu.

Wazazi hawakukosea. Hata majitu yameanguka katika uwanja huu. IBM, pamoja na utajiri wake wote, iliachana na OS/2 mwishoni mwa mwaka 2006. BeOS, iliyosifiwa kwa wepesi wake, iliishia kuuzwa kwa kampuni ya Palm mwaka 2001. Wapenzi wake wakaanza kuiunda upya kwa jina la Haiku, na mwaka 2024 walikuwa wangali wakitoa toleo la majaribio. Si ubovu pekee unaoiua mifumo ya namna hii. Mfumo usio na watumiaji hauandikiwi programu, nao usio na programu haupati watumiaji. Printa ikikataa kuchapa, mwalimu mwenye mitihani ya kesho hana subira ya mapenzi ya mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba Linux yenyewe haikushindwa. Simu za Android zilizojaa Lodwar na Kakuma zinaendeshwa nayo. Lakini imeingia mfukoni ikiwa imefungiwa ndani: kijana huigusa kutwa nzima asijue ipo, wala asidhani kwamba aweza kuifungua na kuibadili. Hapo ndipo palipo hasara. Tunalea abiria hodari wasiowahi kuliona injini.

Mtu ataniambia kwamba mwalimu wa Kakuma, mwenye darasa lililofurika na umeme wa kubahatisha, hana wasaa wa mambo ya kujifurahisha. Nakubali. Windows ifundishwe, maana ndiyo iliyo ofisini. Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na tarakilishi nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine za namna hiyo ndizo shule zetu hupewa msaada. Je, tuzirundike ghalani zipate vumbi, ilhali mfumo wa bure ungaliweza kuziongezea miaka?

Rai yangu kwa walimu ni ndogo. Katika kila shule yenye tarakilishi, mashine moja kuukuu itengwe kwa ajili ya chama cha wanafunzi. Waiwekee Linux, au hata Haiku. Waiharibu na kuitengeneza tena, bila hofu ya kugombezwa. Haitawapa alama katika mtihani, lakini itawafunza kwamba kilichoundwa na mwanadamu chaweza kueleweka na mwanadamu.

Yule msichana alikuwa amekwisha kulifahamu jambo hilo kwa swali moja. Mimi, mwalimu wake, ndiye niliyeufunga mlango.