Kiinua mgongo kisikutie haraka: mwaka wa kwanza ndio mgumu

Na Mwandishi Wetu

WAUZAJI wa magari yaliyotumika na madalali wa viwanja jijini Dar es Salaam wanamfahamu vizuri mteja mmoja. Ana umri wa miaka 60, amevaa nadhifu, habishani sana bei na analipa fedha taslimu. Ni mstaafu mpya. Baada ya mwaka mmoja, baadhi ya wateja hao hurudi kwa madalali wale wale, safari hii wakiwa wauzaji.

Kwa kawaida ukurasa huu hueleza bei. Leo tunaeleza hasara isiyoandikwa kwenye stakabadhi, yaani afya ya akili ya mtu aliyeacha kazi juzi na kupoteza mtaji jana.

Tuanze na hesabu. Mtumishi wa umma amechangia miezi 360, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni Sh. 1,200,000/- kwa mwezi, sawa na Sh. 14,400,000/- kwa mwaka. Kwa kanuni ya mwaka 2022, kiasi hicho cha mwaka huzidishwa kwa 360 na kugawanywa kwa 580. Jibu ni takriban Sh. 8,938,000/-, ambayo ni pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 ya kiasi hicho, mara 12.5, ndiyo mkupuo: takriban Sh. 44,700,000/-. Kinachobaki hulipwa kila mwezi, takriban Sh. 447,000/-.

Kiwango hicho cha asilimia 40 kilitangazwa katika bajeti ya 2024/25 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa asilimia 50. Waliokuwa kwenye asilimia 25 walipandishwa hadi 35.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kipato cha mwezi kimeshuka hadi zaidi kidogo ya theluthi ya mshahara, huku benki kukiwa na fedha ambazo mhusika hajapata kuzishika maishani. Watoto wengine bado wako chuoni. Ndugu wamekwisha kusikia habari. Na kila asubuhi saa 11 mwili unaamka kwenda kazini ambako hakuna tena meza yake.

Mzee mmoja wa Mbagala, aliyekuwa mhasibu, alimweleza mwandishi wa habari hizi kwamba alinunua basi dogo la abiria miezi miwili tu baada ya kulipwa. "Sikulifanyia hesabu, mwanangu," alisema. "Mimi niliyekagua vitabu vya watu miaka yote ile. Nilitaka tu watu wasinione nimekaa barazani."

Dereva alileta hesabu ya siku kwa wiki chache. Kisha zikaja siku za matairi, siku za faini na mwishowe gia boksi. Katika mwezi wa tisa basi liliuzwa kwa bei ya kutupa.

Usingizi ulianza kukatika. Aliacha kwenda msibani na harusini, akawa mkali kwa mama watoto, na chupa ikaanza kuonekana mchana. Alipopelekwa hospitali kwa shinikizo la damu, daktari alimuuliza analala saa ngapi na kama bado kuna jambo linalompa furaha. Mzee anasema alilia mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Aliambiwa ana sonona, kwamba ni ugonjwa kama mwingine, na kwamba unatibika.

Historia yetu ilikwisha kutuonya. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, maelfu walipunguzwa kazini, wengine wakiwa bado na umri wa makamo, wakapewa kiinua mgongo bila mazoea ya biashara. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha upatu wa DECI, waliolia walikuwa wengi waliotafuta faida ya haraka. Mwenye fedha na haraka hatafuti tapeli. Tapeli ndiye humtafuta yeye.

Mstaafu afanye nini, basi? Kwanza, atenganishe maswali mawili: fedha ikae wapi, na siku yangu niifanyie nini. Anayejibu la pili kwa kutumia fedha ya la kwanza ndiye anayenunua basi.

Fedha inaweza kutulia kwa mwaka mmoja katika amana ya muda maalum au mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Hati fungani za Serikali hulipa riba kila miezi sita, ila anayeziuza sokoni kabla ya muda wake anaweza kupata pungufu. Kwa mfano tu, Sh. 30,000,000/- kwa riba ya asilimia 10 huleta Sh. 3,000,000/- kwa mwaka, sawa na Sh. 250,000/- kwa mwezi juu ya pensheni. Si utajiri, lakini mtaji bado upo.

Siku nayo ijazwe kwa kazi asiyohitaji kuinunua, ambayo ni ujuzi wake. Na maandalizi yaanze mapema, hata kabla ya miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, mume na mke wakikaa pamoja na daftari.

Kwa familia, dalili si za kupuuza: kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kujitenga, ulevi mpya, au maneno ya kutaka kufa. Hilo la mwisho halisubiri kesho. Mgonjwa asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wa Mbagala sasa anatunza vitabu vya maduka matatu mtaani kwake kwa malipo madogo. Bado anahudhuria kliniki. Tulipoagana alinikumbusha methali tunayoitaja kila siku bila kuifuata: mali bila daftari hupotea bila habari.