Modemu Iliyojifanya CD

Mwaka 2009 nyaya mbili za intaneti zilifika Mombasa kwa kufuatana, TEAMS mwezi Juni na SEACOM Julai, na magazeti yakajaa habari za kasi mpya. Kisumu, watu wengi hawakuona waya wowote. Walichokiona ni kijiti cha plastiki chenye urefu wa kidole, laini ya simu ndani yake na ncha ya USB mbele. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, modemu hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti ya mwanafunzi wa Maseno, ya saiba ndogo ya Kondele, na ya afisa wa mradi aliyetuma ripoti kutoka Mbita au Usenge.

Kwenye kompyuta ya Windows mambo yalikuwa rahisi: unaichomeka, dirisha linafunguka, unabonyeza mara mbili tatu, uko mtandaoni. Aliyekuwa na Linux aliona kioja. Taa ya modemu iliwaka, halafu kwenye skrini ikatokea picha ya CD. Ukiifungua CD hiyo, ndani mna programu ya kusakinishwa kwenye Windows. Modemu yenyewe haipo popote. Ndipo ikaenea kauli kwamba Linux "haisomi modemu", na mafundi wengi wa mjini wakaishia kumwekea mteja Windows isiyo na leseni ili aende zake.

Linux ilikuwa inaisoma modemu sawasawa. Modemu ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Kuelewa kwa nini, yafaa kuangalia sekunde ile ya kwanza kifaa kinapoingia tunduni. USB ilitolewa Januari 1996, na kanuni yake ya msingi ilikuwa hii: kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Katika kebo ya kawaida mna nyaya nne. Wa kwanza unaleta umeme wa volti 5, wa pili unaurudisha, na mbili zilizobaki, D+ na D−, ni za data. Kifaa kikichomekwa, kikinza chake cha omu 1,500 huvuta mmoja wa nyaya za data juu. Kompyuta huona volti imepanda, ikajua kuna mgeni, na kwa kuangalia ni waya upi uliopanda, ikajua kama mgeni huyo ni wa mwendo wa polepole kama kipanya au wa mwendo wa kasi.

Kisha mahojiano huanza. Kila kifaa kipya hujibu kwa anwani sifuri. Kompyuta hukipa anwani yake, kati ya 1 na 127, halafu hudai maelezo. Jibu ni la baiti 18 tu. Ndani yake mna nambari mbili zenye uzito kuliko jina lolote lililochapwa kwenye boksi: ya mtengenezaji na ya bidhaa, kila moja ikiwa na tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita. Huawei ni 12d1. HP ni 03f0. Baada ya hapo kifaa hutaja aina yake: 03 ni kibodi na jamaa zake, 07 printa, 08 hifadhi kama flashi, 0e kamera. Ipo pia ff, ambayo maana yake, kwa lugha ya kawaida, ni "kamuulizeni aliyenitengeneza".

Hiyo ff ndiyo mama wa matatizo. Karibu kibodi yoyote duniani inafanya kazi kwenye Linux bila CD kwa sababu aina 03 ina kanuni zinazojulikana na wote. Kisoma mistari cha dukani kadhalika, kwa kuwa vingi vya visoma hivyo hujitambulisha kama kibodi na "kuchapa" nambari ya bidhaa. Lakini kifaa cha ff kinahitaji draiva inayokifahamu kwa nambari zake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, iliyoanza kuwa na USB mwaka 1999, hutembea na orodha ndefu ya nambari hizo. Kifaa kikijitambulisha, kerneli hutafuta kwenye orodha, na ikiikuta nambari yake huipakia draiva yenyewe bila kumuuliza mtu.

Turudi kwa modemu. Mtu anayenunua modemu hana intaneti bado, kwa hiyo hawezi kupakua draiva. Watengenezaji waliona heri waiweke draiva ndani ya modemu. Huawei E1550, kwa mfano, huingia ikijitangaza 12d1:1446 na kudai kuwa ni kiendeshi cha CD. Windows inaifungua CD, inasakinisha draiva, kisha draiva inaitumia modemu amri ya siri. Hapo modemu hujikata yenyewe, kama iliyochomolewa, na sekunde chache baadaye hurudi kwa nambari nyingine, 12d1:1001, sasa ikiwa modemu kweli. Wabunifu walimfikiria mtumiaji wa Windows peke yake. Mwingine hakuwamo kwenye hesabu.

Amri hiyo ilichunguzwa na watu waliosikiliza mazungumzo yanayopita kwenye waya. Ina baiti 31. Inaanza na herufi USBC, ambayo ni bahasha ileile inayotumiwa kuiamuru flashi isome au iandike, ila ndani yake mna agizo ambalo flashi yoyote ingelikataa. Sehemu ya tagi, inayotakiwa kuwa nambari ya kumbukumbu, imeandikwa 12345678. Kwa modemu nyingi za ZTE siri ilikuwa nyepesi zaidi: ukiiambia kompyuta iitoe ile "CD", kwa amri ya eject, modemu iligeuka.

Josua Dietze alikusanya mbinu hizi katika programu moja, USB_ModeSwitch, pamoja na hazina ya nambari za modemu zilizochangwa na watumiaji wa nchi nyingi. Programu hiyo ilipoanza kuja ndani ya Ubuntu na ndugu zake, kioja cha CD kikaisha kimyakimya. Modemu ikishageuka, draiva iitwayo option huifungulia milango ya ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea, na kupitia mojawapo unaupigia mtandao kwa *99#. Kwa laini ya Safaricom, APN ni safaricom, jina ni saf na nenosiri ni data. Amri zenyewe zinazoanza na herufi AT zilibuniwa kwa ajili ya Hayes Smartmodem ya mwaka 1981, modemu ya simu ya waya. Kijiti cha 3G kilichochomekwa Mbita kilikuwa kinazungumza lugha hiyohiyo.

Mbona habari za vijiti vya zamani zina umuhimu leo, simu ya mkononi ikiwa imechukua kazi yao? Sababu moja iko katika vituo vya afya. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, ambao msimbo wake uko wazi, ulianza kutumika Eldoret Februari 2006. Juu yake ikajengwa KenyaEMR, iliyosambazwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 na Wizara ya Afya pamoja na I-TECH ya University of Washington katika vituo zaidi ya 300, vingi vyao vikiwa Nyanza na Magharibi, maeneo yenye mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi. Seva yake hukaa kituoni na huendeshwa na Ubuntu. Printa, kisoma mistari, diski ya kuhifadhia nakala ya data, vyote vinaingia hapo kwa USB na kwa mahojiano yaleyale, na karani anayeletewa printa mpya hana muda wa kusoma habari za kerneli.

Printa zenyewe zina vituko vyao. HP LaserJet 1020, ambayo nayo imeenea katika saiba na ofisi zetu, huzaliwa upya kila inapowashwa: programu yake ya ndani haihifadhiwi kwenye printa, bali hutumwa na kompyuta kupitia USB. Kwenye Linux, faili hiyo isipokuwepo, printa huonekana vizuri kwenye orodha kama 03f0:2b17, hupokea kazi, na haitoi hata karatasi moja. Dawa ni kuongeza nyongeza ya HPLIP ya HP wenyewe.

Kigumu zaidi ni kisoma alama za vidole. Kando ya Ziwa Victoria wavuvi huhama kufuata samaki, mwezi huu Dunga, mwezi ujao kisiwani, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na faili tatu katika vituo vitatu. Kidole kingemaliza utata. Lakini visoma vingi ni vya ff, na watengenezaji wake hutoa programu ya Windows tu. Vichache, kama U.are.U 4500 yenye nambari 05ba:000a, hufahamika na maktaba huria ya libfprint, ambayo hata hivyo iliundwa kumfungulia mtu kompyuta yake, si kumtafuta mmoja kati ya maelfu. Maoni yangu ni kwamba kila zabuni ya vifaa vya kaunti ingemtaka muuzaji aandike nambari ya mtengenezaji na ya bidhaa. Anayeshindwa kuitoa hajakijua anachokiuza. Kuichunguza ni kazi ya dakika moja: chomeka, andika lsusb, soma mstari.

Ila nambari nayo inaweza kupotosha. Kupata nambari ya mtengenezaji hugharimu maelfu ya dola, na ndiyo maana viwanda vidogo hutumia chipu za watu wengine pamoja na nambari zake. Chipu ya CH340 kutoka China, 1a86:7523, imo katika bodi nyingi za bei nafuu za aina ya Arduino ambazo wanafunzi hutumia kupima joto la maji au unyevu wa udongo. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, wengi waliona bodi zao zikitokea na kutoweka papo hapo. Wa kulaumiwa alikuwa brltty, programu inayohudumia vibao vya Braille: kuna kibao kinachotumia chipu hiyohiyo, na programu ikadhani imekipata. Ushauri uliozagaa ni kuiondoa brltty. Kwa kompyuta ya maabara ya elektroniki, sawa. Kwa mji wenye shule ya wasioona kama Kibos, fundi anayeiondoa kwenye kila mashine kwa mazoea anaweza kumfungia mlango mtu asiyemjua. Kuifuta kanuni moja tu ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa), ile yenye 1a86:7523, kunatosha.

Windows nayo ilikuwa na kisa chake. Mwaka 2014, draiva mpya ya FTDI, kampuni ya chipu za USB, iliyoletwa na masasisho ya Windows ilizitambua chipu bandia na kuzifutia nambari ya bidhaa, 0403:6001 ikawa 0403:0000, na kifaa kikaonekana kimekufa. Aliyeuziwa chipu bandia katika duka la vifaa hakuwa na namna ya kujua. Kwenye Linux nambari hiyo iliweza kurudishwa.

Mengi yanayolaumiwa draiva, hata hivyo, ni umeme mtupu. Pembezoni mwa ziwa, penye vilima na mnara ulio mbali, watu walifunga modemu kwenye mti au mlingoti na kuishusha kwa kebo ndefu ya USB. Siku mbili inafanya kazi, ya tatu inakatika kila unapofungua ukurasa. Andika dmesg na utaona modemu ikiondoka na kurudi, pengine na "error -71", yaani mazungumzo yamevurugika.

Hesabu ni hii. Waya mwembamba wa kebo ya bei ya chini una ukinzani wa karibu omu 0.2 kwa kila mita. Kebo ya mita 5 ni mita 10 za shaba, kwenda na kurudi, yaani takriban omu 2. Tundu la USB 2.0 linaruhusu miliampea 500, na modemu ya 3G iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma hadi karibu na kikomo hicho. Omu 2 mara nusu ampea ni volti 1 iliyopotea njiani. Zilizoondoka mezani zikiwa 5, zinafika juu ya mti zikiwa 4, na modemu inazimika pale hasa unapoihitaji. Zaidi ya mita 5 kuna kizuizi kingine: ishara imepewa nanosekunde 26 kupita kebo, na kebo ya kawaida huzimaliza hapo.

Hakuna draiva ya kutibu hilo. Hubu yenye umeme wake husaidia karibu na meza. Kwa mlingoti, njia inayoshinda ni kuipandisha ruta ndogo yenye tundu la USB na mfumo huria wa OpenWrt, ndani ya kasha lisiloingiza mvua, modemu ikachomekwa humo moja kwa moja. Ruta inahitaji vifurushi kama usb-modeswitch na kmod-usb-serial-option, na kutoka hapo kebo ya Ethernet inashuka hadi mita 100 bila taabu. Kabla dhoruba haijafika kebo hiyo ichomolewe, kwa kuwa bonde la ziwa ni mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi, na shaba inayotoka juu ya mlingoti huileta radi hadi kwenye kompyuta.